Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya wa Marekani: Acheni Kuhesabu Wastani, Hesabuni Pengo

Kwa Waziri wa Afya wa Marekani, kwa Mkurugenzi wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC) kilichopo hapa Atlanta, na kwa Magavana wa majimbo ya Kusini.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa muuguzi mzaliwa wa Tanga ambaye kwa miaka mingi sasa anafanya kazi katika zahanati za eneo la Atlanta, na nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Katika takwimu zenu, kijana aliyezaliwa Bukavu na kukulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Clarkston, karibu na Atlanta, mtoto wa Mkenya aliyesomea Dallas, na Mmarekani ambaye mababu zake wamezikwa Alabama tangu enzi za utumwa, wote huandikwa katika safu moja ya Weusi. Kwa hiyo linalowapata wale linatupata na sisi wasemaji wa lugha hii, hata kama wengi wetu tungependa kuamini kwamba ni la jirani. Jambo lenyewe ni kwamba dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU ipo, inafanya kazi, na kwa sasa ni ya bei nafuu, lakini miongoni mwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao, pamoja na wale wanaopenda wanaume na wanawake, mweupe huipata na mweusi huikosa. Nanyi mmeendelea kupima mafanikio kwa kipimo kinachoficha kukosa huko.

Mwezi Februari 2016 CDC yenyewe ilitangaza makadirio ambayo yalistahili kumkosesha usingizi kila kiongozi wa nchi hii. Iwapo kasi ya maambukizi ya wakati ule ingeendelea, basi katika kila wanaume wawili Weusi wa kundi hili mmoja angegundulika kuwa na VVU katika maisha yake. Kwa Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ingekuwa mmoja kati ya wanne, na kwa weupe mmoja kati ya 11. Wakati takwimu hizo zinatangazwa, vidonge vya kinga, yaani PrEP, vilikuwa vimekwisha kuidhinishwa tangu tarehe 16 Julai 2012, na mtu anayevimeza kama alivyoelekezwa hupunguza hatari ya kuambukizwa kwa njia ya ngono kwa takriban asilimia 99. Ilipofika mwaka 2022, miaka 10 baada ya idhini hiyo, makadirio yenu yalionyesha kwamba asilimia 36 ya watu wanaohitaji kinga nchini walikuwa wameandikiwa. Hiyo ndiyo tarakimu iliyosomwa kwenye hotuba, kwa kuwa ilikuwa imepanda. Chini yake kulikuwa na tarakimu nyingine tatu ambazo hazikusomwa kwa sauti ileile: weupe asilimia 94, Walatino asilimia 24, Weusi asilimia 13.

Ninajua kwamba makadirio hayo yanahusu watu wote wanaohitaji kinga, si wanaume hawa peke yao, na ninajua pia kwamba rekodi nyingi za maduka ya dawa hazitaji rangi ya mteja, kwa hiyo ile 94 haipaswi kushikwa kama msahafu. Ipunguzeni mpendavyo. Hakuna ufundi wa hesabu utakaoifanya ikaribiane na 13.

Maelezo ya kwanza yanayotolewa kila pengo hili linapotajwa, mara nyingi kwa sauti ya chini, ni kwamba wanaume Weusi wana tabia za hatari zaidi. Maelezo hayo yamekwisha kukanushwa. Mwaka 2012 Gregorio Millett na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi wa tafiti nyingi, na wakakuta kwamba wanaume Weusi wanaofanya mapenzi na wanaume hawawazidi wenzao weupe kwa tabia za hatari. Kilichotofautiana ni mazingira yao: kipato, bima, kupata dawa za kufubaza virusi, na idadi ya watu wenye VVU ambao hawajapimwa au hawako kwenye tiba katika mzunguko wa watu wanaokutana nao. Mtu anaweza kuwa mwangalifu kuliko jirani yake mweupe na bado akakutana na virusi mara nyingi zaidi, kwa sababu tu virusi vimeachwa bila tiba katika mtaa wake.

Maelezo ya pili ni kwamba hawana habari, na dawa yake imekuwa mabango, vipeperushi na matangazo ya simu. Hapa pia mna majibu yenu wenyewe. Katika utafiti wa CDC wa mwaka 2017 uliofanyika katika miji 23, asilimia 95 ya wanaume weupe waliohitaji PrEP walikuwa wamewahi kuisikia, na kwa Weusi ilikuwa asilimia 86. Waliokuwa wameitumia, hata hivyo, walikuwa asilimia 42 kwa weupe na 26 kwa Weusi. Yaani karibu kila mtu alikuwa ameijua dawa, ila robo tu ya Weusi ndio walioimeza. Tangu hapo fedha za mabango zimeendelea kutoka, na mimi sina ugomvi na mabango, lakini mtu anayeipita picha ya kidonge kila asubuhi akiwa ndani ya basi amekwisha kuelimika. Anachosubiri ni mlango wa kuingilia.

Niruhusuni niueleze mlango huo, kwa sababu sidhani kama wengi wenu mmewahi kuupita.

Kidonge chenyewe si ghali tena. Kabla ya mwishoni mwa 2020 chupa ya mwezi mmoja iliuzwa kwa takriban dola 2,000. Baada ya nakala zake za bei nafuu kuingia sokoni, na hasa tangu 2021 watengenezaji walipokuwa wengi, inapatikana kwa dola 30 au chini ya hapo. Lakini hakuna anayepewa kidonge peke yake. Kwanza apimwe VVU, apimwe figo, apimwe homa ya ini aina ya B, kaswende, kisonono na klamidia, aonane na mtu mwenye leseni ya kuandika dawa, kisha arudi kila baada ya miezi mitatu kupimwa tena. Kwa mtu mwenye bima nzuri, gari na mwajiri anayemlipa hata siku anayokwenda kwa daktari, huo ni usumbufu mdogo. Kwa kijana anayepanga mizigo ghalani kwa malipo ya saa, asiye na gari katika jiji ambalo treni yake haifiki nusu ya vitongoji, ziara moja humgharimu ujira wa siku nzima, na ankara ya maabara inayofuata kwa posta inaweza kuzidi kodi yake ya wiki mbili. Mtu huyo hajakataa kinga hata kidogo. Amepiga hesabu zake, na hesabu zimegoma.

Mtasema kwamba sheria imeyaondoa malipo hayo. Imeyaondoa kwa baadhi. Mwezi Juni 2019 kikosi kazi cha taifa cha huduma za kinga kiliipa PrEP daraja la A, na daraja hilo huzilazimisha kampuni za bima kuigharamia bila kumdai mgonjwa chochote; tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ikakataa hoja kwamba kikosi kazi hicho kimeundwa kinyume cha Katiba. Nilifurahi siku ile kama wengine, ingawa hukumu hiyohiyo imethibitisha kwamba Waziri ana mamlaka juu ya kikosi hicho, na daraja lililotolewa linaweza kutenguliwa na anayekuja. Ila ulinzi wa bima humlinda mwenye bima. Hadi mwaka 2025 majimbo 10 yalikuwa hayajapanua Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini, ili iwafikie watu wazima wote wanaoihitaji, na saba kati ya hayo ni ya Kusini: Alabama, Florida, Georgia, Mississippi, South Carolina, Tennessee na Texas. Zaidi ya nusu ya Wamarekani Weusi wanaishi Kusini, na Kusini ndiko kunakotoka karibu nusu ya wagonjwa wapya wa VVU nchini. Mheshimiwa Gavana wa Georgia, jimbo letu lilianzisha mpango wake wa Medicaid mwezi Julai 2023, unaomtaka mtu athibitishe saa 80 za kazi au masomo kila mwezi kabla ya kupewa kadi. Anayefanya vibarua vitatu visivyotoa hati ya malipo anafanya kazi zaidi ya saa hizo na bado hana cha kuonyesha.

Kuna jambo jingine ambalo nje ya zahanati halizungumzwi. Kwa muda mrefu zahanati zinazohudumia maskini zimeendesha huduma hizi kwa tofauti ya bei: chini ya mpango wa serikali uitwao 340B, zahanati hununua dawa kwa punguzo, hulipwa na bima au na mtengenezaji kwa bei kubwa zaidi, na ziada hiyo ndiyo inayolipa mshahara wa mpimaji na nauli ya mgonjwa asiye na bima. Bei ya vidonge ilipoanguka na mtengenezaji alipopunguza marejesho yake mwaka 2022, ziada hiyo ilinyauka. Maana yake ni kwamba dawa ilipokuwa rahisi, huduma ya kumfikishia maskini dawa hiyo ndiyo iliyopungukiwa fedha. Sijawahi kuona mpango wa afya uliojengwa kinyume namna hii, na hakuna aliyeulizwa kwa nini kinga ya taifa itegemee faida ya duka la dawa.

Tuje kwenye chumba cha daktari. Mwaka 2014 Sarah Calabrese na wenzake waliwapa wanafunzi wa udaktari maelezo ya mgonjwa mmoja wa kubuni anayeomba PrEP. Maelezo yalikuwa yaleyale isipokuwa rangi ya mgonjwa. Wanafunzi waliosoma kwamba mgonjwa ni Mweusi walielekea zaidi kuamini kwamba akipewa dawa ataongeza ngono bila kondomu, na imani hiyo iliambatana na kusitasita kumwandikia. Wanafunzi wale sasa ni madaktari kamili.

Badala ya kuongelea hilo, katika semina tunazoitwa huongelewa kutoamini kwa wagonjwa, na kila mara hutajwa Tuskegee. Ni kweli kwamba kuanzia 1932 hadi 1972, katika kaunti ya Macon jimboni Alabama, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume Weusi 600, na 399 kati yao walikuwa na kaswende iliyoachwa iwatafune hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida mwaka 1947. Dhambi hiyo haifutiki. Lakini namna inavyotajwa leo imekuwa kisingizio, kana kwamba kijana wa miaka 23 anakosa kidonge kwa sababu ya kumbukumbu ya babu yake, wakati hakuna mtu aliyempa kidonge hicho akakikataa. Utafiti wa HPTN 073, uliofanyika Los Angeles, Washington na Chapel Hill, uliwaandikisha wanaume Weusi 226 wasio na VVU wanaofanya mapenzi na wanaume, ukawapa PrEP pamoja na mshauri wa kuwasaidia katika mambo ya bima, makazi, kazi na msongo wa mawazo kadiri kila mmoja alivyohitaji. Asilimia 79 walikubali kuanza dawa. Na katika majaribio ya sindano ya kinga iitwayo cabotegravir, HPTN 083, karibu nusu ya washiriki wa Marekani walikuwa Weusi. Watu hawa waliitoa miili yao ichomwe sindano ambayo usalama wake ulikuwa bado unatafutwa. Nani basi atasimama aseme kwamba hawaiamini dawa?

Kwa wasemaji wa Kiswahili kuna vizuizi vya ziada, navyo vinaweza kuondolewa kwa gharama ndogo. Kenya, Tanzania na Uganda bado zinaadhibu mapenzi ya watu wa jinsia moja kwa vifungo virefu, na hofu hiyo haishukii uwanja wa ndege. Kijana akifika zahanati, fomu inamuuliza anafanya mapenzi na nani, na mkalimani aliyeitwa kutafsiri swali hilo ni mzee wa kanisa analosali mama yake, au ni jirani wa ghorofa ya pili. Hujibu kwamba ana mchumba wa kike, hupimwa shinikizo la damu, na huondoka bila PrEP. Akiwa chini ya miaka 26 na yumo kwenye bima ya wazazi, taarifa ya huduma alizopewa hutumwa kwa posta nyumbani kwa jina la baba, na barua moja ya namna hiyo inatosha kumfukuzisha nyumbani. Mkalimani wa simu aliye jimbo jingine, na agizo kwa kampuni za bima kwamba taarifa za huduma hizi zitumwe kwa mgonjwa mwenyewe, si mambo ya kusubiri Bunge. Na ninyi ndugu zangu mnaoisoma barua hii kwa lugha yetu, ambao mmekwisha kukunja uso kwa sababu ya watu ninaowatetea, kumbukeni kwamba sijawaomba mbadili imani yenu. Nimeomba tu mtoto wa mtu asiambukizwe virusi vinavyozuilika.

Sindano mpya zinaweza kulifunga pengo hili au kulipanua. Cabotegravir iliidhinishwa Desemba 2021 na huchomwa kila baada ya miezi miwili. Lenacapavir iliidhinishwa tarehe 18 Juni 2025 na huchomwa mara mbili tu kwa mwaka, na katika majaribio yaliyowahusu wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume ilipunguza maambukizi kwa asilimia 96 ikilinganishwa na yale yaliyotarajiwa bila kinga. Kwa kijana anayeogopa chupa ya vidonge kuonekana chumbani, na anayepoteza ujira kila anapokwenda zahanati, hakuna kinga inayomfaa kuliko hiyo. Bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola 28,218 kwa mwaka. Wakati huohuo makubaliano yaliyotangazwa mwaka 2025 yanakusudia kuleta nakala zake kwa takriban dola 40 kwa mtu kwa mwaka kuanzia 2027 katika nchi 120, Kenya na Tanzania zikiwemo. Ninaishukuru hatua hiyo kwa ajili ya jamaa zangu walio nyumbani. Lakini asiye na bima katika jimbo la Mississippi hayumo katika orodha ya nchi 120, na kwa kinachomfikia mkononi anaweza kuwa maskini wa kinga kuliko mtu wa Kisumu.

Wala msidhani kwamba tulio huku hatuoni mnayoyafanya kule. Mwezi Februari 2025, baada ya misaada ya nje kusimamishwa, maelekezo yaliyoruhusu baadhi ya huduma za UKIMWI kuendelea yalisema kwamba PrEP itolewe kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee, na kwa sentensi hiyo moja wanaume ninaowatetea waliachwa nje ya huduma zilizokuwa zikilipiwa na Marekani Afrika Mashariki. Tarehe 1 Aprili mwaka huohuo mkawaachisha kazi watumishi wengi wa kitengo cha kuzuia VVU cha CDC. Kabla ya hapo, Januari 2023, Tennessee ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba itazikataa fedha za CDC za kuzuia VVU. Maamuzi haya matatu yamefanywa na watu tofauti, lakini yameangukia migongo ileile.

Sasa ombi langu. Mpango wa taifa wa kuukomesha UKIMWI, uliotangazwa Februari 2019, uliweka lengo la kupunguza maambukizi mapya kwa asilimia 75 ifikapo 2025 na asilimia 90 ifikapo 2030. Kati ya 2018 na 2022 makadirio yalishuka kwa asilimia 12 tu. Acheni kuisifu wala kuilaumu tarakimu hiyo peke yake. Wekeni kanuni kwamba hakuna jimbo wala kaunti itakayohesabiwa kuwa imefikia lengo la PrEP hadi Weusi na Walatino wake wawe wamelifikia, na fedha zigawanywe kwa kufuata ukubwa wa pengo. Mkifanya hivyo, mengine yatajisukuma yenyewe, maana gavana anayepoteza fedha hujifunza haraka.

Njia zipo, na zimekwisha kujaribiwa ndani ya nchi hii. New York hulipia ziara na vipimo vya PrEP vya wasio na bima. Florida, ambayo nayo haijapanua Medicaid, iliamua mwaka 2018 kutoa vidonge hivi bila malipo katika idara za afya za kaunti zake zote 67, kwa hiyo siasa za Kusini si sababu ya kushindwa. California ilipitisha sheria mwaka 2019 inayomruhusu mfamasia kumwanzishia mtu PrEP bila kusubiri daktari, na duka la dawa hufunguliwa jioni, wakati zahanati yetu imekwisha kufungwa. Vifaa vya kujichukulia sampuli nyumbani na kuzituma maabara kwa posta vipo. Washauri kama wale wa HPTN 073 wapo pia, wengi wao wakiwa wanaume Weusi wa mitaa hiihii ambao huajiriwa kwa mikataba ya ruzuku ya mwaka mmoja na kuachwa inapokwisha. Waajiriwe kama watumishi wa afya wa kudumu. Magavana wa majimbo yale saba wapanue Medicaid. Hilo la mwisho limesemwa mara nyingi, na nitalisema tena.

Kaunti nne za hapa, Fulton, DeKalb, Cobb na Gwinnett, zimo katika mpango wa taifa tangu siku ya kwanza, nayo makao makuu ya CDC yapo ndani ya eneo hilohilo. Anzeni nazo. Chapisheni kila miezi mitatu, kwa rangi na kwa umri, ni wanaume wangapi wameandikiwa kinga katika kila kaunti, wangapi wamefika dukani na kuondoka nayo, wangapi wamerudi ziara ya pili, na ni ofisi gani inayowajibika kwa wale ambao hawakurudi. Takwimu za robo ya kwanza tunazisubiri, na sisi wauguzi tuko tayari kukaa nanyi mezani kuzipitia siku mtakayotuita.

Wenu katika kazi,
Muuguzi, mkazi wa kaunti ya DeKalb, Georgia